Orodha ya Mjane wa Fredericksburgh

Kazi yangu ya kwanza nilipohamia Kanada ilikuwa kumtunza mama mmoja mzee aliyeishi peke yake nje kidogo ya Napanee, mkoa wa Ontario, upande wa Ghuba ya Quinte. Nilimwogesha, nikampikia, nikampangia dawa zake za wiki, na alasiri, akishaamka usingizini, nikamsomea. Macho yalikuwa yamemwishia lakini akili ilikuwa timamu kuliko yangu. Nilimwita Bibi, kwa kuwa kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake kulinishinda. Mwanzoni alishangaa. Baadaye akapenda, akawa anajiita Bibi mwenyewe akisema na paka wake.

Alichotaka nimsomee ni karatasi za ukoo. Alikuwa nazo kabati zima. Alitaka cheti cha kuthibitisha kwamba anatokana na Waloyalisti, yaani wale wakazi wa makoloni ya Marekani walioshikamana na Mfalme George wa Tatu katika vita vya 1775 hadi 1783, wakanyang'anywa mashamba, wakakimbilia kaskazini. Mimi vita vile nilivisoma shuleni Pangani kwa haraka ya mtihani, nikawajua walioshinda tu. Hawa walioshindwa wana chama chao, United Empire Loyalists' Association, kilichosajiliwa kwa sheria ya bunge mwaka 1914, na chama hicho hakitoi cheti kwa maneno matupu. Kinataka ushahidi wa kila kizazi, nani kamzaa nani, nani kamwoa nani, mpaka umfikie yule aliyevuka mpaka.

Wengi hupitia kwa babu aliyekuwa askari, kwa sababu majina ya askari yameandikwa kikosi kwa kikosi. Bibi hakutaka. Yeye alimtaka mjane, mama aliyefiwa na mume katika kikosi cha Waloyalisti kilichoongozwa na Sir John Johnson, akatoka na watoto wake bonde la Mto Mohawk, New York, akakaa miaka ya ukimbizi karibu na Montreal akila posho ya jeshi, na mwaka 1784 akapandishwa kwenye mashua pamoja na wenziwe mpaka Fredericksburgh, mwendo mfupi tu kutoka jikoni tulimokuwa tumekaa. Majina ya ukoo siyataji, maana wajukuu zake wapo na hawajaniruhusu.

"Wanaume wametafutwa vya kutosha," aliniambia.

Kumtafuta mwanamke katika karatasi za zamani kunachosha roho. Akizaliwa ni wa baba, akiolewa ni wa mume, na jina alilotoka nalo kwao linayeyuka njiani. Sensa ya huko ya 1842 ilimtaja mwenye nyumba peke yake, waliobaki wakahesabiwa tu, wanawake kadhaa, watoto kadhaa. Vyeti vya serikali vya kuzaliwa, ndoa na vifo vilianza Julai 1869. Kabla ya hapo unategemea daftari za makanisa, na huko nako kuna mitego: makasisi wa Kimethodisti hawakuruhusiwa kufungisha ndoa katika mkoa ule mpaka miaka ya 1830 ilipoanza, kwa hiyo mtu anaweza kuishi na mumewe miaka arobaini na usione popote kwamba waliwahi kuoana. Ukoo wa Bibi ulibahatika kupita mikononi mwa John Langhorn, kasisi wa Kanisa la Uingereza aliyefika sehemu zile mwaka 1787, akitembea kwa miguu kutoka makazi haya hadi yale, akibatiza na kuandika. Inasimuliwa kwamba alikuwa akijitosa majini kuoga hata katikati ya baridi, ilimradi apate tundu kwenye barafu. Nilipomsomea hilo Bibi alicheka mpaka nikampa maji.

Lakini aliyetuunganishia kamba ni binti wa yule mjane. Tarehe 9 Novemba 1789 serikali iliamua kwamba watoto wa Waloyalisti, wa kiume wakifika miaka 21, wa kike wakifika umri huo au wakiolewa mapema, wapewe ardhi kwa heshima ya wazazi wao, na kiwango kikawa ekari 200. Ili apewe, binti ilibidi aandike ombi aseme yeye ni nani: jina lake, mke wa fulani, binti wa fulani Mloyalisti, wa kata fulani. Kwa sisi watafutaji, sentensi kama hiyo ni mali. Maombi hayo yamehifadhiwa Ottawa na picha zake ziko kwenye mtandao, mwandiko wa karani umelala kama majani yaliyopigwa na upepo, na mimi nilikaa nayo jikoni jioni nyingi Bibi akiwa amelala. Siku nilipolipata la binti yule, chini kabisa karani alikuwa ameandika jina lake, na katikati ya jina, pale alipotakiwa kutia sahihi, pana alama ya X. Bibi hakuweza kuiona. Nikaichora kwa kidole kwenye kiganja chake. Akafumba mkono.

Hapo cheti kilikuwa kimeshapatikana, kilichobaki ni posta. Ila mzee mmoja wa kujitolea katika tawi la chama, mtu mpole aliyejua nyaraka hizi kuliko watu wengi wanavyojua mtaa wao, akatuletea kitu cha ziada: nakala ya madai ya mjane mwenyewe.

Baada ya vita Bunge la Uingereza lilikuwa limeunda tume ya kuwafidia waliopoteza mali kwa ajili ya mfalme. Madai 3,225 yalifikishwa kwake, na 468 kati ya hayo yaliletwa na wanawake. Makamishna wawili walivuka bahari kuja kuwasikiliza waliokuwa Kanada, wakakaa Halifax, Saint John, Quebec na Montreal. Aliyefika mbele yao alikula kiapo, akasema alikuwa na nini na nani alikichukua. Watafiti waliozipitia karatasi hizi wameona kwamba wanaume hutaja ekari na bei ya ekari papo hapo, lakini wanawake wengi hujikwaa kwenye thamani ya shamba, halafu wakifika jikoni na ghalani hawakosei hata kijiko. Mjane wetu alikuwa hivyo hivyo. Shamba alilitaja kwa kukisia. Halafu akaanza.

Ilikuwa alasiri ya Februari, theluji imeziba nusu ya dirisha. Nilimsomea polepole kwa sababu mwandiko ulikuwa mgumu. Ng'ombe wa maziwa na ndama wao. Ngano iliyokuwa bado shambani. Gurudumu la kusokotea uzi. Godoro la manyoya ya bata. Sahani za bati, kumi na mbili. Birika kubwa la shaba. Kila nikitaja kitu, Bibi alitikisa kichwa, kana kwamba anakihesabu kikiingizwa ndani. Farasi wawili. Na mstari uliofuata, kwa mwandiko ule ule, bila hata kupumzisha kalamu, mjakazi mmoja mweusi, na bei yake, ambayo ilizidi ya farasi wote wawili. Halafu masufuria ya chuma.

Nilisoma mpaka farasi nikanyamaza.

"Endelea," akasema Bibi.

Niliwaza kuruka. Asingejua. Nikausoma mstari kama ulivyo, na sauti yangu nikaisikia ikitoka kavu, sauti ya mtu anayesoma risiti.

Akakaa kimya kitambo. Halafu akauliza, "Jina?"

"Halikuandikwa."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Mara ya pili akaomba nianzie kwenye ng'ombe, aone amewekwa baina ya nini na nini. Baada ya hapo hakutaka kusomewa tena siku ile. Aliniomba nimfunike miguu, na nilipokuwa nainama akanishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Sikujua ananifariji mimi au anaomba afarijiwe, na sikupenda kuulizwa chochote wakati ule, kwa hiyo niliona heri anyamaze, na alinyamaza.

Usiku nilimpigia mama. Yeye alikuwa akiifuata habari ya ukoo wa Bibi kama tamthilia, kila simu anauliza wamefika wapi. Nilipomweleza la orodha alisema, "Alikuwa anaitwa nani, mwanangu?" Nikamjibu kama nilivyomjibu Bibi. "Na watu wake?" Nikanyamaza. Kwetu Pangani, misafara ya watumwa iliishia ufukweni pale pale tunaponunulia samaki, na ziko nyumba ambazo swali la watu wake ni nani haliulizwi mbele ya wageni. Mama naye hakuendelea. Akaniuliza kama nimekula.

Mzee wa tawi alipokuja tena, Bibi alimwekea chai na kumwambia amtafutie yule mwingine. Mimi nilikuwa na tumaini langu. Nilikuwa nimesoma kwamba Waingereza walipoondoka New York mwaka 1783 waliandika daftari la weusi kama 3,000 waliokwenda nao, wengi wakiwa huru, majina, umri, walikotoroka, na wengi wao waliishia Nova Scotia. Nikasema labda yumo. Mzee alizungusha kikombe chake kwenye kisahani kabla ya kujibu. Tangazo la Waingereza la 1779, lile la Philipsburg, liliahidi ulinzi kwa watumwa waliowakimbia waasi. Mabwana wa huyu hawakuwa waasi. Mwenye kumilikiwa na mtu wa mfalme hakuwa na pa kukimbilia kwa mfalme. Waasi walipotaifisha shamba la mjane, yeye alihesabiwa pamoja na shamba, akauzwa huko huko, na New York haikuwaachia huru watumwa wake wa mwisho mpaka Julai 1827.

Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mwaka 1790 Bunge la Uingereza lilipotaka kuvuta walowezi zaidi waje Kanada, liliwaruhusu kuingiza bila ushuru weusi wao, samani, zana za kilimo na nguo. Vyote katika sentensi moja. Basi karani wa mjane hakuwa na ukatili wa peke yake, alisema. Bibi akamjibu kwamba hilo halimpunguzii kitu.

Mwana wa kiume wa Bibi alikuwa Toronto. Alifurahia sana madai yale alipotumiwa nakala, hasa birika, kwa kuwa kwao liko birika kuukuu la shaba ambalo kila mtu hudai lilitoka New York. Kuhusu mstari ule alisema kwa simu, kwa adabu, kwamba madai hayakuwa sehemu ya ushahidi unaotakiwa, ombi la binti linatosha, hakuna haja ya kuambatanisha ukurasa huo. Kisheria alikuwa sahihi. Nilikuwa nimemshikia Bibi simu sikioni, nikamsikia akimwambia, "Birika uliitaka. Na yeye yumo humo humo."

Tuliambatanisha.

Cheti kilikabidhiwa kwenye mkutano wa tawi mwezi Mei, katika ukumbi wa kanisa, sandwichi za mayai zimepangwa kwenye meza ndefu. Anayepokea huombwa aseme kidogo kuhusu aliyetokana naye. Bibi aliomba niende naye mbele nimsomee. Nikasoma orodha nzima, kuanzia shamba, bila kuongeza neno na bila kubadilisha sauti popote, kama alivyoniagiza. Nilipomaliza mstari ule alininyooshea kiganja nisimame, akawaambia waliokaa kwamba huyu naye alikuwa nyumbani mle na kwamba akipatikana mwenye kumjua, anwani yake wanayo. Halafu akaniashiria niendelee na masufuria.

Walipiga makofi. Mama mmoja aliondoka na mkoba wake kabla ya chai. Mwingine alikuja akainama kwenye kiti cha Bibi, akamwambia kwamba na yeye anayo karatasi ya aina hiyo nyumbani, ya babu yake, na hajawahi kuisoma yote. Mimi nilikuwa nakusanya vikombe. Mzee mmoja mwenye beji ya chama kifuani alinifuata mpaka kwenye sinki, akasubiri nifunge bomba, akaniuliza kama lile birika la shaba bado lipo, na kama familia ingekubali alipige picha.