Ndevu nyeusi kwenye anubiasi yangu

Sinza, Jumapili usiku

Leo nimekata jani la mwisho lenye ndevu kwenye anubiasi, mmea wa majini ninaoulea ndani ya tangi langu la samaki. Nimeliweka kwenye kisosi cheupe, nikalimwagia spiriti ya duka la dawa, nikakaa kulitazama. Haukupita muda mrefu ule weusi ukaanza kugeuka, ukawa mwekundu kama juisi ya rosela. Nilishasoma kwamba hivyo ndivyo unavyoutambua mwani wa ndevu nyeusi. Uko katika kundi la mwani mwekundu: spiriti huyeyusha ukijani wake, wekundu uliojificha chini ukabaki. Kusoma ni jambo moja, kuona kwenye kisosi chako mwenyewe ni jambo jingine. Nimekaa na kile kisosi zaidi ya nusu saa.

Kilichonishika ni kwamba mwani anaolima bibi yangu kule Jambiani nao ni wa kundi hilohilo. Bibi yuko katika wale wanawake waliouanza mwaka 1989, kilimo kilipoingia pwani ya mashariki ya Unguja, na mikono yake imekakamaa kwa vigingi na kamba. Miaka hii ananilalamikia kwamba bahari imekuwa ya moto, ile aina nene yenye bei nzuri inameguka na kufa kabla ya kuvunwa. Mwani wake anaoutaka unakufa kwa joto. Huu wangu nisioutaka ulikuja na joto.

Ulianza Januari. Tangi langu ni la sentimita 80, na ukitoa mchanga na mzizi wa mpera yanabaki maji kama lita 95. Mchana themomita ilikuwa inasoma nyuzi 31. Kwanza niliona vinyweleo vichache kwenye kingo za majani ya anubiasi, nikadhani ni uchafu. Baada ya wiki tatu vilikuwa vishungi, vyeusi, vimeshika kwenye majani, kwenye mzizi, mpaka kwenye bomba la filta. Nilisugua kwa mswaki. Havitoki. Ukivuta kwa nguvu linachanika jani, na anubiasi si mmea wa kuchezea: kwangu hutoa jani moja kila baada ya wiki tatu hivi. Kila jani nililokata lilikuwa karibu mwezi mzima wa kungoja. Konokono walipita juu ya zile ndevu kama hawazioni.

Nikaenda duka la dawa kununua haidrojeni peroksaidi, ile ya kusafishia vidonda. Hapa lazima niandike kosa langu, kwa sababu liliniuma na linaniuma bado. Kipimo nilichokisoma kilikuwa cha dawa ya asilimia 3. Chupa niliyonunua ilikuwa ya asilimia 6, imeandikwa wazi kwenye lebo, na mimi sikuisoma. Nikamimina mililita 60 kwa mkupuo mmoja. Asubuhi uduvi wangu wanne walikuwa wamelala chini, weupe. Na valisneria, mmea wangu mwingine wa tangini, ambao hauipendi dawa hii hata kidogo, ikayeyuka majani yote. Ndevu zilififia kidogo, na mwezi uliofuata zilikuwa zimerudi pale pale.

Zilirudi kwa sababu nilikuwa naua kilichoota na kuendelea kukipanda. Nilitaka mimea ikue haraka, nikatengeneza kabonidayoksaidi ya nyumbani: chupa ya lita moja na nusu, sukari vikombe viwili, nusu kijiko cha hamira, mpira mwembamba unaoingia tangini. Maelekezo yalisema chupa itatoa mapovu taratibu kwa wiki mbili. Labda kwenye nchi za baridi. Kwa joto la Dar es Salaam, siku mbili za kwanza ilichemka kama togwa iliyosahauliwa jikoni, siku ya tano kimya. Natengeneza nyingine, inachemka tena, inazima tena. Mimea ikishazoea hewa hiyo nyingi kisha ikakatiwa ghafla, hudumaa, na mwani huu ndio hupenda mimea iliyodumaa. Tena usiku, mimea ilipokuwa haiitumii, hewa ile iliendelea kuingia, asubuhi nawakuta samaki wako juu wanahema. Niliiona hali ile kila siku na sikuiunganisha na ndevu.

Aliyenifumbua macho ni bibi. Nilimpigia simu kumjulia hali, nikamsimulia.

"Mjukuu wangu," akasema, "mwani hauoti pasipo mkondo. Sisi tukitafuta shamba twatazama kwanza maji yapitako. Na wewe tazama hapo hapo."

"Lakini bibi, huu ni wa maji baridi, si wa bahari."

"Mwani ni mwani. Tazama maji yapitako, na kitu gani yanabeba."

Nikakata simu, nikapiga magoti mbele ya kioo. Vishungi vikubwa kuliko vyote vilikuwa mdomoni mwa filta na kwenye majani yanayopigwa na maji yake. Nikafungua filta. Sponji ilikuwa imejaa tope jeusi, chakula cha samaki cha miezi na majani yaliyooza, na maji yalikuwa yanapita humo kila dakika kwenda kuzilisha ndevu.

Tangu siku hiyo ni wiki tisa. Chupa ya hamira nimeitupa. Anubiasi haihitaji kabonidayoksaidi ya ziada, kwao ni vijito vyenye kivuli vya Afrika Magharibi na ya Kati. Taa nilikuwa naiacha ikiwaka kwa muda wa saa kumi na moja kila siku kwa kuwa inapendezesha sebule. Sasa ina taima, inawaka saa tisa alasiri na kuzima saa tatu usiku. Samaki wanakula nusu ya walichokuwa wanakula. Sponji naikamua kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, kwa sababu klorini ya maji ya bomba ingewaua bakteria wanaosafisha. Kila Jumamosi natoa theluthi ya maji na kuweka yaliyolala kwenye ndoo wazi tangu Ijumaa. Mzizi wa mpera niliutoa, nikakwangua sehemu zote zilizolainika.

Peroksaidi niliirudia, safari hii ya asilimia 3. Nilizima filta, nikavuta mililita 20 kwa bomba la sindano, nikazitoa polepole juu ya vishungi tu. Mapovu madogo yalitoka papo hapo. Baada ya robo saa nikawasha filta. Siku ya tatu weusi ukawa waridi, kisha kijivu, na uduvi wapya niliowatia wiki iliyofuata wakaanza kuung'oa wenyewe. Mwani ukiwa mzima hawaugusi. Ukishakufa wanaufuata kama wali.

Majani yale ya zamani sana hayakupona, ndiyo nimekuwa nikiyakata moja moja. La leo lilikuwa la mwisho. Katikati ya mmea kuna jani jipya limejisokota, kijani laini, halina hata unywele.

Nikiwa naandika, umeme umekatika. Filta imenyamaza, na maji ya joto kama haya hayashiki oksijeni nyingi. Nimewasha tochi ya simu, nimechukua kikombe, nachota maji ya tangi na kuyamwaga kutoka juu, nachota na kumwaga. Samaki wamesogea upande ule. Nitaendelea hivi mpaka umeme urudi, halafu kesho nimpigie bibi nimwambie kuhusu kile kisosi.