Sampuli niliyoikwaruza

Kuna usiku mmoja wa masomo ya uzamili siusahau, niko peke yangu maabara na kakipande ka galiamu asenaidi, semikonda flani, kadogo kama ukucha, na nlikuwa nimekakwaruza mwenyewe pembeni kwa kibano siku mbili nyuma na supavaiza sijamwambia. Nikajua data hapa hamna, ila heliamu ya majimaji ilishajazwa na ikichemka ndo imeenda hivyo, nikaona bora nipime tu.

Nikashusha joto mpaka kama kelvini 1.5, nikaipandisha sumaku taratibu, mkondo unapita kwa urefu afu volteji napima kwa upana. Mwanzo mstari ukapanda vizuri. Afu ukakaa. Yaani flati kabisa, sumaku inaongezeka ukinzani hauongezeki, nikasema basi waya umeachia. Nikakagua waya zote, nikaanza upya, vilevile: ukinzani ukakaa omu 6453, na nguvu ya sumaku ilipofika tesla kama 6 ukakaa 12906. Hiyo nikaizidisha kwa mbili, 25812, mwili ukanisisimka maana hiyo ni namba ya mwanafizikia Klaus von Klitzing, ya kile kinachoitwa athari ya Hall ya kikwanta, aliyoipata naye usiku kule Grenoble, Februari 1980, akapewa Nobel 1985. Inatoka kwenye h na e tu, yaani namba ya Planck na chaji ya elektroni, sampuli iweje haiulizwi.

Sasa mkwaruzo wangu ulienda wapi? Hapo nilichelewa kuelewa. Mwanafizikia Thouless na wenzake walishaonyesha 1982 kwamba zile ngazi, yaani zile sehemu flati za grafu, zinahesabu kitu cha kitopolojia, kisichobadilika kwa kupindapinda, kama tundu la mkono wa kikombe, kichubue kipinde utakavyo tundu ni moja, hakuna tundu moja na robo. Elektroni zinatembea ukingoni upande mmoja, zikikuta kovu zinalizunguka kwa sababu njia ya kurudi hazina. Na kilichoniuma zaidi, uchafu kidogo ndani ndo unaipa ngazi upana wake, unazinasa elektroni za katikati zisisumbue, na mi wiki nzima nimekesha natafuta sampuli isiyo na doa!

Asubuhi supavaiza akaitazama grafu kimya, akauliza hii ndo ile safi? Nikasema hapana, ile nyingine, nliikwaruza. Akacheka sana, akaibandika grafu ukutani, afu akachukua kibano changu akaondoka nacho.