Jinsi ninavyoitafuta barua pepe iliyopangwa ikachelewa

Ninashughulikia barua pepe za nyumba kadhaa za wageni hapa Malindi. Iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya kumkumbusha mgeni siku ya kuwasili na gari litakalompokea uwanja wa ndege. Nikiambiwa imechelewa, huuliza kwanza: imechelewa kwa muda gani hasa? Mara nyingi muda wenyewe hutaja chanzo.

Sikisii. Naomba barua iliyomfikia mpokeaji, nafungua maelezo yake kamili na kutafuta mistari inayoanza na Received. Husomwa kutoka chini kwenda juu. Wa chini kabisa ni wa seva (kompyuta ya kupokea na kupitisha barua) ya kwanza kuipokea. Ukisema 05:00:03 +0000, ongeza saa tatu: barua ilitoka saa mbili asubuhi ya huku. Mwanya ukionekana kati ya mstari na mstari, ilikwama njiani. Wa chini wenyewe ukiwa umechelewa, usiilaumu seva ya mpokeaji, tafuta kwako.

Kuchelewa saa tatu kamili ni kwa sababu ya UTC, saa ya kimataifa. Seva nyingi za kukodi hufuata saa hiyo, nayo Kenya imeitangulia kwa saa tatu mwaka mzima. Ukiandika `0 8 * * *` (yaani 08:00 kila siku) kwenye cron, programu ya seva inayoanzisha kazi kwa ratiba, barua itatoka saa tano. Ama andika `0 5 * * *`, ama badilisha saa ya seva kwa `timedatectl set-timezone Africa/Nairobi`, kisha uwashe cron upya. Bila hatua hiyo ya mwisho, cron inaweza kuendelea na saa ya zamani, na hapo ndipo wengi hukwama.

Barua kutoka saa sita kabla ya wakati ni kosa la lugha. Meneja amesema "saa mbili", fundi akaandika 02:00. Kosa hili na lile la UTC yakikutana, barua hutoka saa kumi na moja alfajiri, yaani imewahi kwa saa tatu, na mtu anaweza kuhangaika siku nzima akitafuta kosa moja. Kwa hiyo kwenye karatasi ya ratiba naandika kwa namna zote mbili: saa mbili asubuhi, 08:00.

Barua zikitoka kwa mkupuo dakika ileile kompyuta ya ofisi inapofunguliwa, zilikuwa zimelala humo. Outlook ya zamani (classic) ya kwenye kompyuta, ikitumia akaunti ya POP au IMAP (njia za kuchukua barua kwenye seva), lazima iwe wazi saa ya kutuma ikifika. Umeme ukikatika usiku, barua inasubiri. Gmail huzihifadhi kwenye seva yake, kwa hiyo hata ukizima mashine zitatoka. Ofisi ndogo naishauri iratibu humo, wala isiache kompyuta ikikesha.

Kuchelewa kusiko na mpangilio, leo dakika kumi, kesho saa mbili, kwenye tovuti ya WordPress, hunipeleka moja kwa moja kwenye wp-cron. Ratiba hiyo huamka pale tu mtu anapofungua ukurasa. Msimu wa wageni ukiwa umechangamka hakuna anayegundua. Masika yakiingia na tovuti ikatulia, barua zinalala. Naweka `define('DISABLE_WP_CRON', true);` ndani ya wp-config.php, kisha naiambia cron ya seva iite wp-cron.php kila dakika 5.

Kuchelewa dakika chache kwa mpokeaji mpya mara nyingi ni seva yake inayomkataa kwa muda mtumaji isiyemjua ili ione kama atarudi. Kwenye kumbukumbu za seva yako utaona namba inayoanza na 4, kama 451. Iache, itajaribu tena yenyewe. Inayoanza na 5 imekataliwa kabisa. Hiyo haihitaji subira, inahitaji kurekebishwa anwani au SPF na DKIM, yaani rekodi zinazothibitisha kuwa barua imetoka kwako kweli.

Kwa wageni wa Italia kuna jambo jingine. Saa zao hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, zetu hazibadiliki. Saa nne asubuhi ya Malindi kwao ni 09:00 kiangazi, 08:00 baridi. Wakilalamika juma la kwanza baada ya tarehe hizo, seva haina kosa: ratiba yao ipangwe kwa Europe/Rome.

Nikimaliza kurekebisha, naratibu barua ya majaribio itoke baada ya dakika 15, nazima kompyuta ya ofisi kabisa, na kuisubiri kwenye simu.