pH ya alfajiri imepanda

Leo saa kumi na moja na nusu alfajiri sensa ya pH (ikishuka, maji yameelekea kwenye asidi) kwenye tangi langu la matumbawe imesoma 8.05! Wiki sita nzima, saa hiyohiyo, nilikuwa nakuta 7.78, ilhali saa mbili usiku taa zikikaribia kuzimika naacha 8.3.

Kwamba mwani ulio ndani ya matumbawe unakula hewa ukaa mchana, na usiku kila kiumbe kinaitoa tu maji yakaelekea kwenye asidi, hilo tunalijua. Kilichonitesa ni ukubwa wa mteremko. Alkalini, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, ilikuwa 8.4 kwa kizio cha dKH asubuhi na jioni, kwa hiyo yenyewe haina kosa.

Nilianza na taa ndogo ya sampu (tangi la pembeni maji yanamopitia) juu ya mwani wa Chaetomorpha, inawaka saa tatu usiku hadi saa tatu asubuhi, kinyume cha taa kubwa. Siku ya nne, 7.88. Nikaiongezea muda; mwani ukanenepa, namba ikagoma palepale.

Juzi alfajiri nikachota glasi mbili za maji ya tangi. Moja nikaipulizia hewa saa nzima barazani, nyingine sebuleni kando ya tangi. Ya barazani ikafika 8.2. Ya sebuleni, 7.9, haisogei. Nilisimama na ile glasi mkononi nikiwatazama wanangu waliolala. Joto hili la Februari hapa Mombasa, sote watano tunalala sebuleni penye kiyoyozi, madirisha yamefungwa. Skima, kile chombo kinachosafisha maji kwa mapovu ya hewa, usiku kucha inavuta pumzi zetu zilizojaa hewa ukaa na kuzisukuma majini.

Nikanunua mpira mwembamba wa mita nne, nikaupitisha kwenye tundu la bomba la kiyoyozi hadi nje, huku ndani nikauchomeka pale skima inapovutia hewa. Mdomo wa nje nimeufunga kipande cha chandarua. Jirani akipuliza dawa ya mbu, nauchomoa kwanza. Hilo msilisahau kabisa.

Kipimo cha pH cha mfano wa kalamu nimekiweka kando. Nilikichovya kwenye maji maalumu ya kupimia ya pH 7 na ya pH 10, kikakosea kwa 0.15, yaani karibu faida yote niliyoipata kwa mpira. Sensa ya kukaa tangini ni ghali, lakini inakuchorea usiku mzima.

Nilipanga wiki hii nianze kudondosha maji ya chokaa usiku ili kupandisha pH. Nimeahirisha. Ule mchoro unaonyesha pH haianzi kupanda mpaka saa nne taa kubwa zinapowaka, nami nataka kuona taa za buluu peke yake zikiwaka saa moja asubuhi zitaivuta kiasi gani. Taima nimeshaitega.