Kifaranga Huyu ni wa Banda Gani?

Asubuhi ya siku ya 21 nilifungua mashine ya kutotolesha nikakuta vifaranga 47, manyoya yameshakauka, wanalia kila pembe. Mayai yalitoka mabanda matatu, nami nilikuwa nimeyaandika kwa penseli: A, B, C. Sasa herufi zimebaki kwenye maganda. Binti yangu akamwinua mmoja mweusi mwenye doa jeupe kichwani. "Mama, huyu ni wa wapi?"

Nikakisia kwa rangi. Jogoo wa A ni mweusi, basi weusi wote nikawaita wa A, nikisahau kwamba B kuna matetea wawili weusi. Baadaye nilimchagua jogoo mmoja wa kundi hilo nikamweka na matetea niliowadhani si damu yake. Mayai 60 yakatoa vifaranga 31, kadhaa wao wanyonge. Kama ni ndugu walizaana, daftari langu halikuwa na la kuniambia. Liliniuma sana, kwa sababu kuku hawa wa kienyeji nimewachagua kwa miaka.

Siku hizi, siku ya 18 nikishaacha kugeuza mayai, kila banda hupata kikapu chake cha waya chenye kifuniko. Bila kifuniko ni kazi bure, kifaranga akishakauka anaruka. Wakitoka, sifungui kikapu cha pili kabla cha kwanza hakijaisha. Haraka ya nini? Kifaranga huzaliwa na kiini tumboni kinachomtosha siku mbili hivi, bora tu asipigwe na baridi, na hapa Bahati, Nakuru, chini ya mlima Menengai, baridi ya Julai haina huruma.

Kisha natoboa. Kati ya vidole vya mbele vya kuku kuna ngozi nyembamba, sehemu mbili kila mguu. Sehemu hizo nne, zenye tundu au zisizo nalo, hutoa alama 16. Mimi nina tatu: A kushoto nje, B kushoto ndani, C kulia nje. Miguu mitupu siifanyi alama kamwe, maana kifaranga niliyemruka angehesabiwa wa banda asilotoka. Kitobolea kiwe kikali na kipande cha ngozi kidondoke kabisa. Kikining'inia, tundu huziba, kwa hiyo baada ya wiki mbili nawakagua wote.

Mama mkwe alipoona mara ya kwanza alisema, "Mwanangu, unawatesa." Nikamwomba akae nami. Kifaranga alilia mara moja, nikamrudisha chini ya taa, akaanza kudonoa. Tangu hapo yeye ndiye hunishikia.

Rangi ya kucha nilijaribu, ikatoka upesi. Wakikua nawavalisha vile vikamba vya plastiki ambavyo mafundi wa stima hufungia nyaya, kila banda rangi yake, lakini lazima vilegezwe kila wiki. Nilimpata tetea mmoja kikamba kimezama kwenye nyama ya mguu. Sitaki kuona hivyo tena.

Na kuna jambo ambalo alama haiwezi kulitibu. Tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili hadi tatu. Jumamosi nimeingiza jogoo mpya banda C, kwa hiyo mpaka wiki tatu ziishe mayai ya C ni ya kula na kuuza, hayaingii kwenye mashine.