Saksifraga ya zambarau: mmea unaoyatayarisha maua mwaka mmoja kabla

Katika mimea yote niliyoifahamu nilipokuwa masomoni Tromsø, kaskazini mwa Norwei, hakuna ulioniingia moyoni kama saksifraga ya zambarau, na tangu nirudi Pemba kusomesha baiolojia nimekuwa nikitaka kuueleza kwa urefu. Ni mmea mdogo unaotambaa, wenye majani ya milimita chache tu yaliyopangana mawilimawili kwenye kijitawi, na ua lake la petali tano ni dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ukipiga magoti na kulitazama jani kwa karibu utaona nukta nyeupe kwenye ncha yake: hiyo ni chokaa, ambayo hutoka pamoja na maji kupitia kitundu kidogo, kisha maji yakakauka nayo ikabaki.

Wengi huusifu kwa kustahamili baridi, na sifa hiyo ni haki yake. Katika kisiwa cha Kaffeklubben, kaskazini mwa Greenland, umeota kwenye latitudo ya digrii 83 na dakika 40, kilomita mia saba na kitu kutoka Ncha ya Kaskazini. Kwenye mlima Dom, Uswisi, umekutwa mita 4,505 juu ya usawa wa bahari. Christian Körner, mtaalamu wa mimea aliyechapisha vipimo vya mahali hapo mwaka 2011, alieleza kwamba majira ya kukua yalikuwa ya siku 66 tu, na kwamba hata ndani ya siku hizo kila usiku uliganda.

Mimi hunishangaza zaidi namna unavyoutumia wakati. Matumba yanayofunguka mwaka huu yalikwishaundwa katika majira ya joto yaliyopita, yakakaa chini ya theluji yamefumba muda wote wa baridi, hata theluji inapoyeyuka mmea hauna kazi ya kuanza upya. Unafungua tu kilichokwisha kutengenezwa, na siku chache baadaye mwamba uliokuwa mweupe umegeuka zambarau. Sisi tunaochuma karafuu, ambao hatuna budi kuliwahi tumba kabla halijachanua, tunajua vyema jinsi kazi ya mwaka mzima inavyoweza kukaa ndani ya kitu kidogo kama hicho.

Bi mkubwa mmoja, jirani yetu hapa Wete, aliponisikia nikiwaeleza wanafunzi barazani, aliuliza swali ambalo darasani sijawahi kuulizwa: "Sasa mwanangu, huko kwenye barafu nyuki watoka wapi?" Nilifurahi mno, maana ndilo swali lenyewe. Nilimjibu kwamba wapo nyuki wakubwa wenye manyoya mazito, ambao huitetemesha misuli ya mbawa mpaka mwili upate joto la kuruka. Malkia wao, ambao ndio pekee wanaouvuka msimu wa baridi, huamka na njaa wakati maua mengine bado hayajatokea, na saksifraga ni miongoni mwa vyakula vyao vya mwanzo. Mmea uliowahi kuchanua humpata mgeni aliyewahi kuamka.

Unyonge wake uko kwengine: hauwezi kuishi kivulini. Hukaa kwenye changarawe na nyufa za miamba, mahali ambapo mimea mirefu haijafika, na katika milima ya Ulaya, kwa kadiri joto linavyoongezeka, mimea ya chini imekuwa ikipanda kuelekea vileleni. Ndiyo maana ninaposomesha mabadiliko ya tabianchi, somo ambalo wanafunzi wangu wamezoea kulielewa kwa maji ya chumvi yanayoingia mashambani kwetu, huwa naongeza habari za mmea huu. Hupata tabu kidogo kukubali kwamba joto, ambalo migomba na mikarafuu yetu hulihitaji, linaweza kuuondoa mmea mahali pake bila ya kuuchoma hata jani moja, kwa kuuletea tu majirani warefu wanaoukinga na jua.