Sentimita Tano za Ziwa Kivu

Nilipokuwa bado kijana, nilipewa kazi ya kusoma kipimo cha maji ya Ziwa Kivu hapa Bukavu kila siku saa moja asubuhi. Kipimo chenyewe kilikuwa ubao mweupe wa chuma wenye mistari myeusi ya sentimita, uliosimikwa majini kando ya gati. Wavuvi wawili waliugeuza nguzo ya kufungia mitumbwi yao, nami sikuthubutu kuwakataza.

Asubuhi moja ya Aprili, baada ya mvua kunyesha mjini usiku kucha, nilisoma 67, ilhali jana yake nilikuwa nimeandika 62. Sikushangaa hata kidogo, kwani mvua ile ilikuwa imetubomolea njia mtaani. Nikapeleka namba ofisini kwa simu, kisha nikamwonyesha daftari mzee aliyenifundisha kazi, niliyemwita Papa, yaani baba.

Papa yule hakunikaripia. Alichukua penseli, akapiga hesabu nyuma ya jalada: ziwa lina zaidi ya kilomita za mraba 2,300, kwa hiyo kila sentimita moja ni zaidi ya mita za ujazo milioni 23, na tano ni zaidi ya milioni 115. Ziwa letu halina mlango mwingine wa kutokea ila mto Ruzizi, ambao mtiririko wake huongozwa na milango ya bwawa lililojengwa hapo chini mwishoni mwa miaka ya 1950. Mto ukipitisha mita za ujazo 100 kwa sekunde, maji hayo yangehitaji kama siku 13 kutoka. Anayeamini namba hiyo hufungua milango, na kiangazi kikifika mitambo ya umeme hukosa maji. Asiyeiamini siku ilipo ya kweli huwaachia watu wa ufukweni nyumba zilizojaa maji.

“Ili upate sentimita tano kwa mvua peke yake,” aliniambia, “milimita 50 zingenyesha juu ya ziwa zima, kutoka hapa hadi Goma. Goma kulinyesha?”

Tukateremka kuwauliza mabaharia wa boti iliyotoka Goma usiku. Walisema walisafiri chini ya nyota hadi walipokaribia Bukavu. Na waliingia gatini saa ngapi? Saa moja kamili. Nilikuwa nimesoma mgongo wa wimbi lao.

Maji yalipotulia tulisoma mara tatu, kilele na bonde la kila wimbi, tukatafuta wastani: 62 na nusu. Papa alinizuia kufuta. Nikapiga mstari mmoja juu ya 67, nikaandika namba sahihi pembeni pamoja na saa. Ofisini nilipiga simu tena, nikaambiwa wamesikia.

Miaka kadhaa baadaye nilionyeshwa mchoro wa viwango vya ziwa, mstari mlaini unaopanda na kushuka polepole kwa misimu. Kwenye Aprili ile ulichomoza mwiba mmoja mwembamba, wa sentimita tano.